Programu ya kupima umbali wa viwanja vya ndege: kilomita sawa, saa hapana

Nimeitumia miezi miwili. Kwenye umbali naipa heko: Heathrow ya London hadi JFK ya New York inatoa takriban kilomita 5,550, kwa njia fupi inayofuata mviringo wa dunia, si mstari ulionyooka wa ramani. Muda ndipo inapopotosha. Inagawanya tu kilomita kwa mwendo wa 900 kwa saa, inapata saa 6 na dakika 10, kwenda na kurudi sawasawa! Kule juu upepo huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ratiba za kwenda New York hukaribia saa 8, kurudi karibu 7. Nilimpangia mama ndege ya kuunganisha kwa hesabu hiyo, akaikosa. Iliniuma sana.