Kozi ya Kufundisha Kiingereza Ughaibuni Pamoja na Huduma ya Kutafutiwa Kazi: Uzoefu Wangu

Kifurushi nilicholipia kina sehemu 3: kozi ya TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ya saa 120 kwenye mtandao, mazoezi ya mahojiano, na kuandaliwa karatasi za safari. Ofisi iko katikati ya jiji la Nairobi, na jina lake sitalitaja. Niseme mapema: mazoezi ya mahojiano yanastahili kila shilingi, kozi ni ya wastani, na karatasi unaweza kuzishughulikia mwenyewe bila kumlipa mtu.

Waajiri wengi wa Asia huweka saa 120 kama kiwango cha chini, kwa hiyo cheti kinakufikisha mlangoni tu. Kabla ya kulipia kozi yoyote, uliza kama kuna kufundisha darasa halisi huku mkufunzi akikutazama. CELTA, cheti kingine cha kufundisha Kiingereza kinachotolewa na Cambridge, ina saa 6 za namna hiyo, na ndiyo sababu bei yake iko juu. Hii yangu haina hata dakika moja. Sehemu ya kupanga somo imeandaliwa vizuri, lakini ya matamshi ni dhaifu: video zinaeleza makosa ya Wahispania na Wachina, na kutuhusu sisi hazina neno. Kiswahili kina irabu 5 tu, ndiyo maana "ship" na "sheep" humtoka Mkenya kwa sauti moja. Msikilizaji wa mahojiano huligundua hilo katika dakika ya kwanza. Jirekodi kwa simu ukisoma jozi za maneno kama hayo, mpe mwenzako asikilize bila kuona karatasi, aandike alichosikia. Akikosea, rudia.

Sasa mazoezi ya mahojiano. Kinachompa mtu kazi ni somo la majaribio la dakika 10 hadi 15 mbele ya kamera, na hapa ndipo ofisi hii ilipofanya kazi yake. Mkufunzi husimamisha video yako kila baada ya sentensi mbili tatu. Chukua sentensi "I have lost my key". Wengi wetu huanza na kanuni, tukaieleza kama tulivyoelezwa shuleni, na muda unakwisha mwanafunzi hajafungua mdomo. Njia anayofundisha ni hii: pekua mfuko ulio mtupu, onyesha wasiwasi, sema sentensi mara mbili, kisha uulize "Do I have my key now?" na "Do we know when I lost it?" Majibu yote mawili ni hapana, na maana imeshaeleweka kabla hujataja jina la wakati wowote wa kitenzi. "Do you understand?" ameipiga marufuku, kwa kuwa mtoto yeyote ataitikia ndiyo. Alitumia hata Kiswahili kutufungua macho: "nimepoteza ufunguo" na "nilipoteza ufunguo jana". Tofauti ya -me- na -li- tunayo tayari, ila tukiingia Kiingereza tunaisahau na kusema "I have seen him yesterday". Mwajiri akisikia hilo kwa mwalimu wa lugha, mahojiano yameisha.

Mambo madogo nayo yana uzito. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe nyuma, la sivyo uso unakuwa kivuli. Weka bando kwenye simu ya pili, kwa maana stima ikipotea na ruta inazimika.

Kuhusu karatasi, ofisi inatoza ada kubwa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa iko kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja ya A4. Saiba nyingi huitoa kwenye karatasi mbili, nawe unarudishwa ukiwa umeshapanga foleni ya alama za vidole. Ili shahada ithibitishwe kwa matumizi ya nje, mfululizo wa kawaida ni wakili mwenye mamlaka ya notari (ya kuthibitisha hati), kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Usiilaminishe shahada. Muhuri haushiki juu ya plastiki, na kuibandua kunaichana.

Linganisha majina kabla ya yote. Shahada ikiwa na majina mawili na pasipoti matatu, au herufi moja imepishana, apa hati ya kiapo mapema. Angalia pia tarehe: Vietnam haikubali cheti cha polisi kilichozidi miezi 6, kwa hiyo anza na shahada, cheti cha tabia njema kije mwisho. Ofisi yangu ilianza na cheti hicho, na kwa yeyote ambaye shahada yake inachelewa, hiyo ni kulipa mara mbili.

Lililoniudhi zaidi ni orodha yao ya nchi. Korea Kusini imo, ilhali viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kimsingi ni ya raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, na hakuna cheti kinachobadilisha hilo. Kumuuzia Mkenya matumaini hayo ni kumdhulumu. Vietnam na Thailand zinawezekana kwa mwenye shahada, ila jiandae kuthibitisha Kiingereza chako kwa mtihani wa lugha kama IELTS au TOEIC. Thailand shule nyingi hutaka TOEIC kuanzia 600. Matokeo ya mitihani hii hudumu miaka 2, basi usifanye mapema mno.

Wakala yeyote anayekutafutia kazi nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko kwenye tovuti yao. Itazame kabla ya kutuma M-Pesa. Na ukiambiwa uingie kwa viza ya utalii halafu "tutabadilisha ukishafika", dai kwanza mkataba wenye jina la shule, mshahara, na maandishi ya nani analipia kibali cha kazi. Wasipokupa, usikate tiketi.