Mvinyo mwekundu na chizi: ununue ipi ukiwa Dodoma

Dodoma hapakosekani mvinyo. Grosari za Area D, maduka ya Majengo, hata pale mabasi yanaposimama, chupa za hapa hapa zimepangwa bega kwa bega na za Afrika Kusini. Kazi iko kwenye chizi. Mwenye wageni kwa kawaida huchagua chupa kwanza, halafu anapita kwenye friji la supamaketi na kuokota chizi yoyote atakayoikuta. Geuza utaratibu huo. Tazama friji kwanza, ujue leo kuna chizi gani, ndipo uende kwenye rafu ya mvinyo.

Sababu ni tanini, ile inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kuuacha ulimi mkavu kama umekunywa chai ya rangi iliyochemka ikapitiliza. Mafuta na protini za chizi huidaka tanini, na chumvi hupunguza makali yake. Chizi laini isiyo na chumvi haina ubavu huo: mvinyo unabaki mkali, na chizi yenyewe huisikii.

Jozi za chizi na mvinyo nimezipanga hapa, kuanzia ninayoipa pesa yangu bila kusita.

1. Chizi ngumu iliyokomaa na mwekundu mkavu wa Dodoma

Gouda au cheddar iliyokaa miezi kadhaa. Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Njombe, wanatengeneza chizi nzuri, na barabara ya Mtera inaifikisha huku bila safari ndefu. Muulize muuzaji imekaa muda gani. Akikuambia "ni fresh kabisa, bosi", hiyo siyo unayoitafuta. Iliyokomaa ina manjano yaliyoiva, na ukiikata hainati kisuni bali inamegeka kidogo pembeni. Ukitafuna unaweza kukutana na vipunje vigumu kama chumvi ya mawe. Usivitilie shaka, ni dalili ya ukomavu.

Upande wa chupa, tafuta lebo yenye neno "dry" (mkavu, yaani usio mtamu) na zabibu ya Makutupora Red au Syrah. Makutupora ni kaskazini mwa mji, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, na zabibu hiyo nyekundu ndiyo uti wa mgongo wa mvinyo wa hapa. Usihangaike sana na mwaka wa chupa. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake mwingi umetengenezwa unywewe ungali mchanga. Na bei yake ni rafiki: mvinyo ambao zabibu yake ya ndani inazidi asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo kuliko ulioagizwa nje.

2. Feta na mwekundu mtamu

Najua kuna wanaokunja pua wakisikia dompo, mwekundu mtamu wa hapa Dodoma. Wakunje tu. Waingereza wana desturi ya zamani ya kula Stilton, chizi ya bluu yenye chumvi kali, pamoja na mvinyo mtamu wa Ureno, na hakuna anayewacheka. Siri ni chumvi kukutana na sukari. Chizi ya bluu hapa mjini ni ya kubahatisha na bei yake inauma, lakini feta, nayo ya chumvi, inafanya kazi ileile kwa nafuu. Ikate vipande vidogo, weka na zabibu mbichi pembeni kama ni msimu. Kwa mgeni ambaye hajazoea mvinyo, mimi ningeipandisha hii iwe namba moja.

3. Cheddar ya nje na Cabernet au Pinotage ya Afrika Kusini

Vinaendana vizuri, sina ugomvi. Ila unalipia safari ya chupa na safari ya chizi, na ladha haizidi namba moja kwa kiasi cha tofauti ya bei. Nunua kama bosi ndiye anayelipa.

4. Mozzarella

Ikiwa juu ya piza yenye sosi ya nyanya, mwekundu mwepesi unafaa. Ikiwa mbichi, achana na mwekundu kabisa, chukua mweupe wa Chenin Blanc, ambao Dodoma unatengenezwa vizuri. Chizi nyingi laini hupatana na mweupe kuliko mwekundu, ingawa picha za matangazo hazisemi hivyo.

5. Vile vya pembetatu kwenye boksi la duara

Hivyo ni vya kupaka mkate wa watoto.

Dukani, usichukue chupa iliyopangwa dirishani inapopigwa na jua. Joto la Oktoba na Novemba hapa linaivisha mvinyo ndani ya chupa. Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa: kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au pakiwa na michirizi iliyokauka shingoni, irudishe. Angalia pia stempu ya kodi ya TRA, na usome viambato. Zipo chupa zenye picha ya zabibu ambazo ndani ni sukari, rangi na ladha. Kuna pia mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya zabibu zilizokamuliwa, unaouzwa kwa madumu huko vijijini. Huo waachie viwanda, si wa meza ya wageni.

Nyumbani, chizi itoke frijini kama nusu saa kabla, na mvinyo mwekundu uingie frijini dakika 20 hivi. Wanaosema mwekundu hunywewa wa joto la chumbani wana vyumba vya nyuzi 17, si chumba cha Nkuhungu saa tisa mchana. Chupa iliyobaki izibwe irudi frijini, na imalizwe ndani ya siku tatu au nne. Watu wakizidi kumi, boksi lina nafuu kuliko chupa, maana mfuko wa ndani hujikunja mvinyo unavyopungua na hewa haiingii, hivyo kilichobaki kinakaa wiki kadhaa bila kuchacha.