VLC kwa video zenye picha iliyovutika

Ukitaka kunyoosha uwiano wa picha (upana wake ukilinganishwa na kimo) kwenye kompyuta, anza na VLC, programu ya kuchezea video. Ni ya bure, na karibu kazi yote iko kwenye herufi mbili za kibodi: A na C. Wengi huzichanganya, kisha wanailaumu programu.

A hubadili umbo la picha nzima bila kukata chochote. Kila ukibonyeza, uwiano mpya huandikwa juu ya video: 16:9, 4:3, 16:10 na mwingineo, hadi urudi kwenye Default, yaani uwiano wa faili yenyewe. Hii ndiyo dawa ya nyuso zilizorefuka au kunenepa. DVD za harusi za huku Afrika Mashariki kwa kawaida ni za PAL (mfumo wa video za televisheni), pikseli 720 kwa 576, na vipimo hivyo havibadiliki picha iwe ya 4:3 au ya 16:9. Alama ndogo ndani ya faili ndiyo inayoiambia programu ipanue upana hadi 768 au 1024. Alama hiyo ikipotea DVD inapogeuzwa kuwa MP4, picha hubaki 5:4 na maharusi huonekana wembamba kupita kiasi. Bonyeza A hadi 16:9, wanarudi walivyokuwa.

C hukata. Itumie pale tu ambapo mistari myeusi imerekodiwa ndani ya picha yenyewe. Picha kamili ya 4:3 ukiikata iwe 16:9, robo ya kimo chake inapotea, pamoja na vichwa na maandishi ya tafsiri yaliyochapwa chini. Mistari inayotokana na umbo la kioo iache, haina madhara.

Udhaifu mkubwa wa VLC ni kwamba haikumbuki uliloichagulia kila faili. Kisanduku cha Force Aspect Ratio (Tools, Preferences, Video) si suluhisho, kwa sababu kinalazimisha video zote zifuate uwiano mmoja, hata zilizo sawa. Kama video zako zote zimeharibika ghafla, angalia hapo kwanza: kifute, bofya Save, funga programu uifungue upya.

Kwa marekebisho ya kudumu tumia MKVToolNix, programu ya kutengeneza faili za video za MKV, nayo ya bure. Ingiza faili, chagua mkondo wa video, andika 16/9 kwenye Set aspect ratio, kisha anza kuunganisha. Utapata faili ya MKV, na ubora haupungui kwa kuwa picha haisimbwi upya.