Mfumo unasema udongo wangu umeshasagwa, na mimi nauona chini ya kaunta

Nawaandikia kuhusu hii huduma ya kupima udongo wa shamba. Sitawachosha na bei wala orodha ya vipimo, hayo yote yapo kwenye kipeperushi chao. Mimi nina la mifuko yangu miwili ya udongo tu.

Nilikuwa dukani kwa wakala wao, Makambako, nimefuata dawa ya ukungu, simu ikalia meseji: "Mpendwa mteja, sampuli zako zimekaushwa, zimesagwa na kuchekechwa. Asante kwa kutuamini." Nasoma, natupa jicho chini ya kaunta, naiona mifuko yangu ya udongo imekaa kati ya madumu ya mafuta ya kula na boksi la sabuni. Nailoni imetoa jasho kwa ndani. Kilichokaushwa ni kipi?

"Kaka, hii si mifuko yangu?"

"Ndiyo mama. Gari la maabara bado halijapita."

"Na hii meseji?"

"Hiyo inatoka kwenye mfumo."

Nikainama kuiangalia vizuri. Stika zile za mistari, ambazo ndizo walizonisifia siku ya kwanza kwamba udongo wako hauwezi kupotea, zimeshikizwa kwa selotepu. Anasema zilibanduka kwa unyevu, akazirudishia. Ulijuaje ipi inakaa mfuko upi? Akacheka. "Mama, udongo ni udongo."

Jamani. Mfuko mmoja ni wa shamba la juu, udongo mwekundu uliolimwa mahindi kwa mbolea ya DAP, inayoleta uchachu, miaka nenda rudi. Wa pili ni wa bondeni, mweusi, mguu unazama, ndiko ninakopanda viazi. Kwenye stika kuna mistari na tarakimu basi, hakuna pa kuandika "juu" wala "bondeni". Anayejua ni simu ya yule kijana aliyekuja kuchimba, na kijana hakuwepo.

Niseme haki, kijana yule alifanya kazi ya maana. Alikuja na kekee ya injini, akatembea shamba kwa zigizaga, akakwepa kichuguu na pale nilipokuwa narundika samadi, akachimba sentimita 20, akachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki ndipo akapima wa kufunga. Wapo wanaochota koleo moja mlangoni mwa shamba wakaondoka. Na mashine zenyewe sina ugomvi nazo: hewa ya joto la wastani inakausha, kinu kinasaga, chekeche ya milimita 2 inapitisha, lebo inasomwa kila meza. Zamani tuliandika jina kwenye karatasi tukaitumbukiza mfukoni, ikaloa, wino ukapotea. Kwa hiyo wazo lao nalipenda, na ndiyo maana nina hasira.

Maana nilipopiga huduma kwa wateja, dada mmoja alinijibu kwa sauti ya kumsomea mtoto: "Mama, mfumo haukosei." Nikambana mpaka akatoa siri. Zile meseji hazisubiri mashine. Lebo ikishaskaniwa shambani, zinajituma zenyewe kwa kufuata muda ambao kazi *inatakiwa* kuchukua. Yaani wanafuatilia saa! Udongo wangu uko na sabuni, saa yao iko maabara. Na udongo mbichi ukifungiwa hivyo kwenye joto, vijidudu vyake vinaendelea na kazi, hesabu ya naitrojeni inabadilika. Hilo hata bwana shamba wetu wa kata analijua.

Majibu yakaja, ripoti nzuri, ya rangi, Kiswahili kinaeleweka, mapendekezo yamepangwa kwa ekari. Nilipoifungua nusu niwasamehe. Kisha nikasoma. Shamba la juu: pH (kile kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) 5.9, mboji nyingi. Bondeni: pH 4.8, mboji kidogo, mwaga chokaa kuua uchachu.

Mboji nyingi kwenye ule wekundu? Mwambie yeyote aliyewahi kushika jembe pale kwangu, atacheka kuliko yule wa dukani. Nikifuata karatasi hii, chokaa naimwaga kwenye viazi, ambako pH ikipanda ovyo ngozi ya kiazi inaota magamba na mnunuzi anakitupa pembeni, halafu mahindi ya juu yanabaki na uchachu wao. Nikawapigia tena. Dada yule yule: "Labda mama umesahau shamba lako lilivyo."

Nisahau shamba langu!

Inawezekana vipimo vyenyewe ni sahihi kabisa, ukigeuza majina tu kila kitu kinakaa. Ndivyo ninavyoamini. Lakini siwezi kununua chokaa ya ekari zote kwa kuamini, na inatakiwa iingie ardhini wiki kadhaa kabla ya kupanda, mvua nazo hazinisubiri nimalize kugombana.

Nyota moja. Kijana wa kekee anastahili nne peke yake, ila sehemu ya kumpa yeye haipo. Wakija kuchukua udongo upya bila malipo nitafuta maneno haya. Hapana, sifuti, nitaongeza nyota tu. Na safari hiyo maka peni nitashika mimi, niandike juu ya mfuko kwa herufi kubwa, JUU na BONDENI, stika yao waibandike popote wanapotaka.