Etherpad katika kipindi cha insha: uzoefu wangu wa mihula miwili na Kidato cha Tatu

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro, na kwa mihula miwili sasa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wamekuwa wakiandika insha za pamoja kwa programu iitwayo Etherpad. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa lugha, hasa wale ambao shule zao zina kompyuta chache na hazina intaneti ya uhakika, kwa kuwa hali hiyo ndiyo iliyonifanya niichague.

Etherpad ni ukurasa mtupu unaofunguliwa katika kivinjari, ambamo watu kadhaa huandika kwa wakati mmoja na kila mmoja huyaona maneno ya wenzake yanapoandikwa. Maandishi ya kila mwandishi huwa na rangi yake. Programu hii ilianza mwaka 2008, na tangu mwishoni mwa 2009 msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda programu, uko wazi kwa umma, kwa hiyo hailipiwi. Kilichotufaa zaidi ni kwamba huweza kuwekwa ndani ya kompyuta moja ya shule, na kompyuta nyingine zikaifikia kwa njia ya ruta tu, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta, bila intaneti na bila mwanafunzi yeyote kufungua akaunti. Mimi binafsi hutumia Google Docs kwa kazi zangu, lakini darasani ingenilazimu kumtafutia kila mwanafunzi akaunti ili ijulikane nani kaandika nini, na kati ya wanafunzi wangu 42 waliokuwa na barua pepe hawakufika kumi.

Gharama yetu ilikuwa ruta ya shilingi 60,000 na jioni mbili za mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta, aliyepakua mafaili akiwa mjini na kuyaleta kwenye flashi. Kompyuta mpakato ya zamani tuliifanya seva, yaani ile kompyuta moja inayobeba programu. Chumba chetu kina kompyuta 14 zinazofanya kazi. Makundi matatu ya wanafunzi wanne au watano huandika huku wenzao wakifanya ufupisho madaftarini, kisha hupokezana katika vipindi vinavyofuata.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Kila mmoja alitaka kuandika utangulizi, na insha moja ikawa na tangulizi tatu zinazopingana. Tangu hapo hakuna kundi linaloruhusiwa kugusa kibodi kabla halijaniletea mpango wa insha kwenye karatasi, ukionyesha hoja zote na mwenye kuandika kila hoja. Dakika 40 za kwanza ni za kuandika. Dakika 40 za pili ni za kurekebisha, na hapo mwanafunzi haruhusiwi kugusa aya yake mwenyewe. Hushughulika na za wenzake tu.

Jambo ninalotaka walimu wenzangu walizingatie kuliko mengine yote ni hizo rangi. Katika insha ya alama 20 nilitenga alama tano za ushiriki, nikazitoa kwa kutazama ni nani ana rangi nyingi ukurasani. Mada ilikuwa uchomaji wa mkaa, ambayo huku kwetu kila mtoto ana la kusema. Katika kundi moja binti mmoja alikuwa na mistari miwili tu yenye rangi yake, nami nikampa alama moja kati ya tano. Yeye hakulalamika. Mwenzake wa kundi ndiye aliyenifuata ofisini akasema, “Mwalimu, bila yeye insha yetu ingekuwa kurasa tatu za maneno yaleyale.”

Etherpad ina sehemu ya historia, ambapo mwalimu huburuta alama juu ya mstari wa muda na kuiona insha ikijengwa tangu neno la kwanza. Niliifungua. Nikamwona binti yule akifuta “vilevile” iliyorudiwa katika kila aya, akiondoa “wengine” katika “baadhi ya wanakijiji wengine”, akiivunja sentensi ya mistari mitano kwa nukta moja, na akiifuta aya nzima iliyorudia hoja ya pili kwa maneno mengine. Kazi hiyo yote haikuacha rangi, kwa sababu anayefuta haachi rangi. Katika kundi jirani mvulana mmoja alikuwa amekata aya za wenzake na kuzibandika upya ili zifuatane vizuri, na zote zikageuka rangi yake. Hakuwa na nia mbaya, lakini nilikuwa nimempa alama tano kamili.

Nilirekebisha alama za darasa zima na kuwaeleza wanafunzi sababu. Siku hizi sihesabu rangi. Kila kundi huketi mbele ya historia ya insha yake, kisha kila mwanafunzi huandika kwa mkono nusu ukurasa akieleza badiliko moja alilofanya na kwa nini alilifanya. Alama za ushiriki hutoka humo.

Yapo mengine ya kujua. Bila programu za nyongeza hakuna mahali pa kuandika maoni pembeni, wala huwezi kuweka jedwali au picha. Kwa insha sijaona hasara. Kipo kitufe kinachoondoa rangi zote, na mwanafunzi aliwahi kukibonyeza, ila historia ilibaki na rangi zake. Umeme ulipokatika katikati ya kipindi kompyuta zote zilizimika, na uliporudi tulikuta kila kitu tulichokuwa tumeandika. Kivinjari tulichotumia kilipigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, hata wanafunzi wakaanza kuyatilia shaka maneno sahihi. Zimeni ukaguzi wa tahajia kabla ya somo la kwanza.

Wazazi wawili waliniuliza, na wana haki, kazi hii itawafaa nini watoto wao ilhali mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huandikwa kwa mkono na kila mtahiniwa peke yake. Kwa sababu hiyo, wiki inayofuata kila insha ya pamoja kila mwanafunzi huandika insha yake darasani kwa kalamu, juu ya mada nyingine. Ninapozisahihisha, ninachokitafuta kwanza ni maneno yaliyokatwa. Mwaka jana daftari safi lisilo na neno lililokatwa lilikuwa fahari ya darasa. Muhula huu, katika insha ya mwisho niliyokusanya, binti yule wa mistari miwili alikuwa amekata sentensi tisa, na mvulana wa kundi jirani kumi na moja.