Seti ya kuanzishia koloni la sisimizi: uzoefu wangu Kampala

Nyota tatu kati ya tano. Ndani ya boksi kuna tyubu tatu za kioo, pamba, kiota cha akriliki chenye sakafu ya jasi, sanduku dogo la wazi ambamo sisimizi hutoka kutafuta chakula, mpira wa kuunganishia, chupa ndogo ya Fluon (ya kupaka kuta za sanduku ili sisimizi wasipande), plastiki nyekundu, mkanda wa umeme wa kupashia joto na kijitabu. Malkia hauzwi, na heri iwe hivyo.

Seti imetengenezwa Ulaya, na kijitabu chote kinamzungumzia Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani za huko. Mimi nimeitumia kwa Camponotus wa kundi la maculatus, wale wakubwa wenye miguu mirefu wanaoonekana ukutani usiku ukiwasha taa ya jikoni. Nusu ya seti inafaa popote. Nusu nyingine inapigana na baridi ambayo sisi hatuna, na adui tuliye naye haimtaji kabisa.

Tyubu ndizo zilizonifanya nisijutie pesa. Ni za milimita 16 kwa 150, kioo kizito, mdomo laini. Ni kipimo kilekile cha tyubu za maabara za sekondari, kwa hiyo ukivunja moja usiagize nje: maduka ya vifaa vya maabara mjini yanazo. Kuziandaa ni hivi. Jaza maji sentimita 5 au 6 kutoka kitakoni, yawe ya kuchemshwa yakapoa. Ya bomba yakinuka klorini yaache wazi usiku kucha. Viringisha pamba iwe na urefu wa kama sentimita 2, isukume taratibu kwa kijiti butu mpaka iguse maji na kulowa, na kusibaki hewa kati yake na maji. Laza tyubu siku nzima kabla ya kumwingiza malkia. Ukiinamisha mdomo chini, lisidondoke hata tone. Ukigusa pamba kwa kijiti, iwe majimaji. Ikidondosha, pamba imelegea. Ikiwa kavu kwa mbele, umeikaza mno. Baada ya malkia kuingia, mdomo unazibwa kwa pamba nyingine isiyokazwa, ili hewa ipite. Nafasi atakayobaki nayo ni sentimita 5 hivi, na inamtosha. Usimwonee huruma ukampa ukumbi.

Pamba iliyokuja na seti itupe. Ina nyuzi za polyester, hainyonyi vizuri, na maji hupenya pembeni badala ya kulowesha katikati. Pamba ya famasi, ile ya vidonda, ndiyo yenyewe.

Sasa lile la hewa, kwa sababu hapo ndipo malkia wengi hufia na kijitabu hakisemi neno. Hewa iliyonaswa nyuma ya pamba hupanuka tyubu ikipata joto, na inapopanuka husukuma maji yapite pamba. Usiku ikipoa hunywea na kuvuta hewa nyingine ndani, kisha mchana inasukuma tena. Chumba cha bati kisicho na dari kinachemka saa nane mchana na kupoa alfajiri, kwa hiyo tyubu inakuwa pampu. Asubuhi unakuta malkia anaelea na mayai yamesambaa. Ukijaza bila kuacha hewa umepunguza hatari, lakini maji yakishatumika hewa itaingia tu. Dawa yake ni mahali: weka tyubu chini, karibu na sakafu, kwenye kabati lisiloegemea ukuta unaopigwa na jua, mbali na friji na spika za redio. Mtikisiko humfanya malkia ale mayai yake mwenyewe.

Kuhusu malkia, majira yetu ni mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Camponotus huvutwa na taa ya varanda usiku. Shida ni kwamba jioni hiyohiyo enswa, yaani kumbikumbi, nao wanaruka, na mgeni wa mambo haya hukusanya kumbikumbi akidhani ni malkia wa sisimizi. Tazama kiuno: sisimizi ana kiuno chembamba kama uzi, kumbikumbi mwili wake umenyooka. Vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko, vya kumbikumbi ni kama ushanga ulionyooka. Mabawa manne ya kumbikumbi yanalingana, ya sisimizi ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Na kumbikumbi jike peke yake hafai kitu, maana huanza maisha na dume wake. Malkia wa sisimizi hubeba mbegu za dume mwilini kwa maisha yake yote, ndiyo maana tyubu moja na malkia mmoja vinatosha.

Aliyekwisha kudondosha mabawa na anatembea chini kwa haraka kana kwamba ana miadi, huyo ndiye wa kuchukua. Mwenye mabawa bado anaweza kuwa amepandwa, ila bahati ni nusu. Siafu, ensanafu wa Waganda, sahau kabisa: malkia wao hana mabawa wala haanzi peke yake, koloni lao hugawanyika likiwa na vibarua (sisimizi wafanyakazi) maelfu.

Je, umlishe? Camponotus hapana. Hujifungia na kuyeyusha misuli ya mabawa ambayo hana kazi nayo tena, na kwayo huwalisha watoto wa kwanza. Chakula utakachomtilia kitaota ukungu na kuleta utitiri. Wapo wengine, hasa wale wembamba wenye mwiba wa kuuma, ambao malkia wao lazima atoke kuwinda. Hao wanahitaji mdudu mdogo kila baada ya siku tatu nne na kijinafasi cha kutembea. Kanuni ya macho, ambayo si amri: malkia mwenye kifua kipana na mgongo ulioinuka kuliko wa kibarua hujitegemea, mwenye kifua chembamba kama cha kibarua usipomlisha atakufa.

Kwa joto la nyumba za Kampala, mayai huanza kuonekana ndani ya siku chache hadi wiki moja na kitu. Wiki ya tatu hivi utaona mabuu meupe, kisha vifukofuko vya rangi ya kahawia isiyokolea, na kibarua wa kwanza hutoka kati ya wiki ya sita na ya nane. Atakuwa mdogo kuliko wa kawaida. Ndivyo wa kwanza walivyo wote, si ugonjwa. Katika muda huo funika tyubu kwa karatasi ya foili au kitambaa cheusi, na chungulia mara moja kwa wiki, sekunde kumi tu. Plastiki nyekundu ya seti inasaidia kidogo kwa sababu sisimizi hawaoni vizuri mwanga mwekundu, lakini hiyo yao ni nyembamba mno hata ikikunjwa mara mbili. Wiki ya pili ndiyo ya majaribu. Mikono inawasha kufungua. Usifungue, na usipasue kifukofuko eti umsaidie mtoto kutoka.

Mkanda wa joto ubaki kwenye boksi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana nyuzi 27 au 28 na usiku hazishuki sana, kiwango ambacho Camponotus anakitaka. Mkanda ukiulaza chini ya tyubu unafanya kilekile ambacho bati linafanya, na umeme unaokatika na kurudi unaongeza pampu kasi. Wa Kabale labda, kwenye baridi ya milimani, na hata huko pasha upande mmoja tu wa kabati, kamwe usiguse upande wenye maji. Kijitabu kinaagiza pia malkia awekwe kwenye friji miezi kadhaa ya baridi. Hiyo ni kwa Lasius anayelala msimu wa theluji. Wa kwetu halali. Ukimtia kwenye friji umemuua.

Adui asiyetajwa ni sisimizi wa nyumbani. Wale wadogo wanaopata sukari kabla hata hujaifunika huingia katika nyuzi za pamba, na malkia aliye peke yake hana ulinzi. Usiku mmoja unatosha, asubuhi unakuta kichwa na miguu. Vibarua kumi wa kwanza nao hawawezi kitu. Kwa hiyo tyubu ziwe ndani ya kontena la plastiki, kontena juu ya matofali mawili, matofali ndani ya sinia lenye maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni ni muhimu: maji matupu sisimizi wepesi huweza kuyatembelea juu, sabuni inavunja ule utando. Jaza sinia kila siku mbili, na angalia kitambaa au waya usiegemee ukuta ukawa daraja. Sinia halizuii siafu. Wakipita nyumbani, ziba, beba kontena lote, hama nalo mpaka wamalize.

Ukishapata kibarua wa kwanza ndipo jiko linafunguliwa. Sukari kijiko kimoja kwa maji vijiko vitatu, tone la ukubwa wa punje ya mchele juu ya kipande cha foili, mara mbili kwa wiki. Asali tupu huwanasa wakafia humo, ichanganye na maji. Protini ni mbu mkubwa, nusu ya inzi, au kipande cha nsenene (panzi wa kuliwa) katika msimu wake, lakini wabichi. Wa kukaangwa na chumvi kula wewe. Kumbikumbi waliogandishwa ni chakula kizuri na hugharimu jioni moja tu ya kuwaokota. Mdudu wa porini mchovye kwenye maji ya moto sekunde kumi ili utitiri ufe. Mende na mbu waliokufa kwa dawa ya kupulizia usiwatumie hata kidogo, maana koloni zima hunywa kutoka tumbo moja. Mabaki yote yatoke ndani ya saa 24.

Kiota cha akriliki kimetengenezwa vizuri, viungo vimebana, kifuniko kinaonyesha ndani wazi. Tatizo ni kwamba kinakuja mapema. Kina vyumba sita. Vibarua wanane ukiwahamishia humo wanajificha chumba kimoja na kugeuza vitano kuwa jalala, ukungu unafuata. Subiri wafike 25 au 30. Tena usiwamimine. Unganisha tyubu na kiota kwa ule mpira, acha tyubu kwenye mwanga na kiota gizani, watahama wenyewe kwa siku zao. Sifongo ya kulowesha jasi kijitabu kinataka ijazwe kila siku tatu. Katika unyevu wetu hiyo ni mafuriko: mililita moja au mbili kwa bomba la sindano, mara moja kwa wiki, kona moja tu, nyingine ibaki kavu wachague. Miezi ya kiangazi kule Gulu utaongeza.

Ukungu mweusi kwenye pamba ya maji usikutie hofu, wengi huishi nao. Kinacholazimisha tyubu mpya ni maji kubaki chini ya sentimita moja, harufu ya kuoza, au pamba kujitenga na kioo.

Fluon ni PTFE ya majimaji, jamii ileile ya kitu kinachopakwa kikaango kisichoshika. Chupa ni ndogo lakini inatosha mwaka. Paka ukanda wa sentimita 3 ndani ya kuta za lile sanduku la wazi, kwa juu, kwa sifongo, mkono mmoja tu bila kurudia kilicholowa, acha masaa 24 kikauke. Msimu wa mvua nguvu hupungua haraka, hivyo urudie kila baada ya miezi michache na usimwage maji kwenye ukuta huo. Ikikuishia, poda ya watoto ikichanganywa na spiriti hadi iwe kama uji mwepesi inafanya kazi, ila huchubuka na kuwanyunyizia wenyewe vumbi.

Kwa ufupi wa bei: tyubu na pamba unapata Kampala, kontena na sinia unavyo. Kitu pekee ambacho sijapata mbadala wake mzuri ni Fluon. Kama muuzaji anaiuza peke yake, chukua hiyo. Anayetaka kiota cha kuonyesha wageni sebuleni anunue seti nzima, ajue tu kwamba kitakaa boksini miezi minne au mitano.

Na malkia usiagize nje wala usitume nje. Wa kigeni akitoroka anakuwa balaa la mtaa, na wa kwetu wana sheria. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja kwa ajili ya malkia waliofungwa kwenye tyubu na mabomba ya sindano yenye pamba, wengi wao Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wanaokusanya mbegu. Vijana wawili wa Ubelgiji peke yao walikuwa na karibu 5,000. Hapa Uganda kuna sheria ya wanyamapori ya 2019, na wa kuulizwa kabla ya kufanya biashara yoyote ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Chukua malkia mmoja au wawili kutoka taa ya nyumbani kwako, na koloni likikushinda lirudishe palepale ulipomwokota.