Tahadhari: mafundi wa kukuwekea afilieti wanaouza madalali hewa

Wenye biashara za programu, hasa mnaotoza kwa mwezi: chunguzeni hii ofa kabla hamjatoa hata shilingi. Mtu anakufuata WhatsApp au LinkedIn, anajitambulisha kuwa mtaalamu wa afilieti. Atakujengea mfumo wa kuwalipa kamisheni madalali, yaani watu wanaokuletea wateja, kisha ataujaza mwenyewe: madalali 200 au 300 ndani ya wiki mbili, wote "wana wafuasi tayari". Anataka fedha ya ufundi mbele, na anakushauri uweke zawadi nono kwa kila mteja mpya ili madalali wapate moyo.

Zawadi hiyo ndiyo mtego. Piga hesabu. Programu yako ni KSh 2,000 kwa mwezi. Umeshauriwa kulipa 3,000 kwa kila mteja mpya, kwa hoja kwamba mteja atakaa mwaka mzima na fedha yako itarudi. Fundi huyo, akijifanya dalali, anafungua akaunti 40 za wateja hewa, analipia kila moja mwezi mmoja: 80,000. Wewe unamlipa 120,000. Mwezi wa pili akaunti zote 40 ziko kimya. Amekula 40,000 zako juu ya ile ya ufundi, na ripoti aliyokuachia inasema mfumo unafanya kazi vizuri. Akitumia kadi za wizi ndiyo balaa kabisa: wenye kadi wakipinga malipo, zile 80,000 nazo zinarudishwa kwao, na wewe unatozwa ada kwa kila pingamizi. Pingamizi la kadi linaweza kuja hata baada ya miezi mitatu au zaidi, na fundi huyu huwa anasisitiza madalali walipwe kila wiki. Sasa unajua kwa nini.

Kamisheni isizidi kamwe kile ambacho mteja ameshakulipa. Kwa programu za mwezi, asilimia 20 hadi 30 ya kila malipo ni kiwango cha kawaida, na kinamfanya dalali atake mteja abaki. Shikilia kamisheni siku 30 kwa malipo ya simu na 60 kwa kadi, na mkataba useme wazi kuwa malipo yakirudishwa baadaye, kamisheni yake inakatwa kwenye awamu inayofuata. Ukitaka kutoa zawadi, itoke mteja akishalipa mara ya pili.

Ufundi wenyewe nao uangaliwe. Wengi wanabandika kipande cha JavaScript (msimbo unaofanya kazi kwenye kivinjari cha mteja) kwenye ukurasa wa "asante" na kuondoka. Kwa anayepokea M-Pesa, hapo pana shimo. Mteja akibonyeza Lipa, STK (ombi la kuweka PIN) inatumwa kwenye simu yake, lakini hajalipa bado. Jibu la kweli linakuja kwenye seva yako baadaye: ResultCode (namba ya matokeo) 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1 salio halitoshi. Mfumo unaohesabu mauzo kitufe kinapobonyezwa unamruhusu dalali kubonyeza mara mia, kughairi mara mia na kudai kamisheni mia. Njia sahihi ni kuhifadhi namba ya utambulisho ya dalali pamoja na CheckoutRequestID (namba ya ombi hilo la malipo) pale ombi linapotumwa, kisha kuandika kamisheni pale tu ResultCode ni 0. Funga kila kamisheni kwa namba ya risiti ya M-Pesa, risiti moja kamisheni moja, ili jibu lililorudiwa lisilipwe mara mbili.

Na akikuahidi kuki (faili dogo kwenye kivinjari linalokumbuka mteja aliletwa na dalali gani) ya siku 90, muulize inaandikwa na nani. Tangu 2019 Safari, kivinjari cha Apple, inafuta kuki zilizoandikwa na JavaScript baada ya siku 7, kwa hiyo wateja wa iPhone wanapotea na madalali waaminifu wanadhulumiwa. Seva yako ndiyo iandike kuki, na mteja akijisajili tu, namba ya dalali ihamie kwenye akaunti yake ya kudumu.

Kuna wizi mwingine ambao hauonekani kirahisi: dalali anayekuuzia wateja wako mwenyewe. Anapachika kuki kimyakimya kwa watu ambao hawajabonyeza kiungo chake, wakija kununua kwa hiari yao anahesabiwa yeye. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, iliibiwa hivyo. Shawn Hogan, aliyekuwa dalali wake mkubwa kuliko wote, alifungwa miezi 5 mwaka 2014, na Brian Dunning, aliyemfuata kwa ukubwa, miezi 15. Kampuni ya Hogan ilikuwa imelipwa takriban dola milioni 28. Wengine wananunua matangazo ya Google kwa jina la programu yako; aliyekuwa anakutafuta anapita kwao kwanza. Hawa huzima tangazo kwenye mji ulipo na kuliwasha usiku, basi mwombe mtu wa mji mwingine akutafutie saa nne usiku. Mkataba upige marufuku jambo hilo kwa maneno.

Dalili kwenye dashibodi: malipo yanayofuata mbonyezo wa kiungo cha dalali kwa sekunde chache tu, mibonyezo maelfu bila usajili, "wateja wapya" ambao barua pepe zao zilikuwa kwako zamani, akaunti nyingi kutoka anwani moja ya IP.

Funguo ushike wewe. Akaunti ya mfumo ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, fundi apewe ruhusa ndogo yenye mwisho, kuidhinisha madalali kusiwe kwa otomatiki, na malipo yapitishwe na watu wawili. Fundi anayekataa haya, achana naye. Madalali 10 unaowajua, wahasibu na mafundi kompyuta ambao tayari wanahudumia wateja wa aina yako, wanatosha kuanzia.

Kama umeshaingia, simamisha malipo yote leo, lakini usifute akaunti yoyote. Pakua kumbukumbu za mibonyezo, usajili na malipo, badilisha nywila na funguo za API (nywila ambazo mifumo hutumia kuwasiliana), rudisha pesa za kadi unazozitilia shaka kabla wenyewe hawajapinga, kisha peleka kumbukumbu hizo polisi pamoja na namba za simu zilizopokea kamisheni.